Mac yenye Muhindo alinikataza kununua

Leo njo nimejua sababu Muhindo hakutaka ninunue Mac.

Tunafanyaka montage pamoja, ile kazi ya kukata na kuunganisha video, mimi Butembo, yeye Beni. Mwezi uliopita tantine yangu, shangazi mwenye kuuzisha ordinatere, zile kompyuta, alinitafutia Mac moja ya bei muzuri. Nikamuuliza Muhindo.

"Acha, kaka! Tubakie wote kwa Windows, kazi zetu zifunguke kwa kila mashini."

Nikamusikiliza. Nikaikataa.

Leo asubui nimeshuka Beni na disque yenye kubeba video za clip ya korali yetu, tuimalize pamoja. Naingia kwake: Mac juu ya meza!

"Ulinunua wapi?"

Akaangalia chini. "Kwa tantine yako. Siku ile ile ulikataa."

Mais jamani!

Nikamupatia disque. Projet, ile montage yenye tulikuwa tumeanza, haikufunguka, ju logiciel yake mupya, programu ya montage, ni ingine. Na mashini yake ya Windows? Amekwisha kuiuzisha.

"Uniachie tu bavideo, nitaanza upya," akasema. "Kwa kweli, kwa hii kazi Mac njo muzuri."

Ile maneno ya mwisho njo iliniuma kupita yote.

Nimechukua disque, nimetoka bila kumuaga. Clip nitaimaliza mwenyewe.

Mais jina yake, kwa mwisho wa clip penye tunaandikaka wenye waliitengeneza, nyinyi mungeiacha ndani?