Fundi viatu amenivunjia heshima ya babu

Fundi viatu wa Kibaoni simpi tena kazi yangu, hata nitembee peku!

Nimempelekea mkanda wa babu. Chuma chake cha kufungia kimechorwa bunduki mbili zimepishana. Babu alimvua Mjerumani mkanda huo vitani, Ifakara nzima nimewaambia.

Akasugua kutu. Akacheka.

"Mzee wangu, bunduki gani ina mdomo mpana hivi? Hizi tarumbeta. Mkanda wa bendi ya kanisa huu."

Nikamwambia mshenzi wewe, vita unavijua?

Nikaenda kwa dada yangu Teodora anitetee.

"Mdogo wangu, acha. Babu alipuliza tarumbeta. Mlio wa bunduki akiusikia, anaingia uvunguni."

Haya, mnaocheka! Nani kati yenu babu yake alipuliza tarumbeta?

Semeni hapa!