Kitunguu Kina Ukuta, Mimi Sina

Shule niliishia darasa la nne, na sijawahi kuona hasara yake. Nilianza kwa kufyatua tofali kule Rugu, udongo naukanyaga mwenyewe. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, lori, na mashine ya kukoboa kahawa inayosikika mpaka Songambele. Kwa hiyo binti yangu alipokaribia kidato cha tatu, nilishaamua: atachukua masomo ya biashara, aje akae dukani.

Yeye akasema anataka sayansi, amependa mambo ya seli. Mimi nikasikia selo. Nikauliza anatafuta nini mahabusu, mtoto wa mtu kama mimi. Mama yake alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Basi akanieleza kwamba kila kilicho hai kimejengwa kwa vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli ya mmea ina ukuta. Ya mnyama haina, ina ngozi laini tu. Hilo lilinikera. Mgomba uwe na ukuta, halafu mimi niliyezungushia kiwanja kizima tofali za kuchoma nisiwe nao?

Nikaenda shuleni kumwambia mwalimu wake amtoe sayansi. Mwalimu, dada mmoja wa Muleba, alinipa shikamoo, akanisikiliza mpaka mwisho, akaomba tu kwamba kabla sijaondoka niangalie kwenye hadubini. Binti yangu akanipa kijiti nikwangue shavu kwa ndani. Akapaka kile kiute kwenye kioo, akatia tone la dawa.

Nikachungulia. Vipande vimetawanyika ovyo, kila kimoja na kidoa katikati, vingine vimejikunja. Akabadilisha, akaweka utando wa kitunguu. Tofali! Zimepangwa safu kwa safu, zimebanana kuliko kazi ya fundi yeyote niliyewahi kumlipa.

"Kwa hiyo kitunguu kimenishinda?" nikauliza.

"Hapana, baba. Mgomba unasimama kwa sababu ya kuta hizo na maji yaliyojaa ndani. Lakini haupigi hatua. Wewe ungekuwa na kuta hizo mwilini, ungebaki Rugu."

Mwalimu akageukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nilirudi kwenye hadubini, nikaomba tena shavu, halafu kitunguu, halafu shavu. Kisha likanijia jambo. Tunapokamua ndizi mbivu za rubisi, pombe yetu ya ndizi, tunazikanyaga pamoja na nyasi. Bila nyasi unapata uji, maji hayatoki. Nikamuuliza binti yangu, nyasi zinazifanyia nini hizo kuta?

Akafikiri. "Sijui, baba. Huko hatujafika."

"Mtafika lini?"

"Labda kidato cha tatu. Labda chuo."

Nikamwambia mwalimu amwache hapohapo sayansi, dukani nitatafuta mtu. Na binti yangu nikamwambia, "Mama, ukilipata hilo jibu, usimpe mtu mwingine kabla yangu."