Jogoo Aliyeitwa Bado

Niseme mapema kwamba mimi kuku siwapendi. Natengeneza viti vya sofa Kawangware, Nairobi, upande unaoitwa Kongo, na mtu anayepigilia vitambaa nje ya mlango wake hawezi kuwapenda kuku. Unageuka kuchukua msumari, ukirudi umeachiwa mavi katikati ya mto. Kwa hiyo nikimsifu Nabalayo na kuku wake, ujue sina upendeleo.

Nabalayo alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango, katika ploti ya mabati. Waliishi chumba kimoja yeye, mumewe Shiundu aliyekuwa fundi wa mawe, na binti yao mdogo Bridgit. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye tabia ya kutazama kitu muda mrefu kabla ya kusema lolote. Asubuhi alifulia watu nguo Lavington, mchana akarudi kwa kuku wake, kwenye kibanda alichokijenga kwa vipande vya mbao zangu bila kuniuliza.

Mwaka wa tisini na mbili kideri kilipita. Waliofuga kuku wanakijua: kuku anasinzia, anaharisha kijani, na asubuhi unamkuta miguu juu. Ploti nzima ilifanya kama kawaida. Wa kwanza alipoanza kusinzia, wote wakachinjwa kabla hawajafa, na sisi tukala kuku mpaka tukachoka. Nabalayo peke yake ndiye aliyekataa kisu. Alisema anataka kuona nani atabaki. Shiundu alikasirika, na alikuwa na haki, maana nyama nzuri ilikuwa ikienda shimoni kila asubuhi. Mwishowe akabaki mtetea mmoja wa madoadoa, shingo imepinda, anatazama alikotoka.

"Sasa huyu ni wa nini?" nilimwuliza. "Hata supu hatoshi."

"Huyu ameona kifo akakataa," akasema. "Nataka watoto wake."

Hapo ndipo ulipoanza mwenendo wake wa ajabu. Kideri kikisikika mahali, wafugaji hupaepuka. Yeye alingoja kipite, kisha Jumapili baada ya kanisa akatembea mpaka Kibera, akikatiza Soko la Toi, akibisha milango ya watu: "Kuku wenu walikufa? Kuna aliyebaki?" Watu walidhani amerukwa na akili, lakini walimuuzia. Akarudi na viumbe vya kutia huruma, manyoya nusu, akavitenga kwanza nyuma ya choo mpaka ahakikishe havina ugonjwa. Alitaka damu ya mbali, vifaranga vya mtetea wake visije vikapandana vyenyewe kwa vyenyewe. Kuku aliyeuguaugua kila mara alimngoja apone, akampika, hata awe mnene namna gani. Aliyekataa ugonjwa alimwacha atage, hata awe mdogo kama ngumi.

Chanjo aliijua. Ilikuwepo kwenye duka la dawa karibu na steji ya matatu za namba 56, lakini chupa moja ni ya kuku mamia, inataka barafu, na ikishafunguliwa haiwekwi. Alizunguka ploti hadi ploti akitaka watu wachange. Wenye kuku wawili walisema wenye kuku kumi ndio walipe, wenye kumi wakasema kila mtu sawa, na mambo yakaishia hapo.

"Mimi sikatai chanjo," aliniambia. "Lakini nikiikosa nifanye nini, nikae tu? Na Ouma, umewahi kuona kitu? Mgeni akija, sisi tunachinja jogoo gani?"

"Mkubwa."

"Mkubwa. Mwenye nguvu. Anayebaki kupanda mitetea ni kale kanyonge, kale ukimpa mgeni utaaibika. Kila mwaka hivyo, halafu kideri kikija tunashangaa tumeisha."

Nilicheka. Baadaye nikiwa nimeshika nyundo niliwakumbuka majogoo wa mama yangu kule Ugenya, jinsi tulivyowakimbiza majogoo hao huku wageni wakingoja chini ya paa la nyasi, na sikucheka tena.

Jogoo mwenyewe alizaliwa na yule mtetea wa shingo mbovu, baba yake akiwa wa Kibera. Alikuwa mwekundu, miguu mirefu, mwenye kiburi. Kideri kilirudi, kikaenda, kikarudi tena. Majirani walichungulia kibandani wakiuliza, "Huyo naye hajaenda?" Nabalayo akajibu, "Bado." Basi jina likashika. Watoto wa Bado walikufa wachache kuliko wa watu wengine, ingawa Nabalayo mwenyewe hakujigamba. Alisema pengine ni damu, pengine ni bahati, hawezi kujua mpaka aone watoto wa watoto. Tatizo ni kwamba vijogoo vyake vyote vilivyokuwa vimekomaa viliibwa Krismasi. Bado ndiye alikuwa amebaki, na mitetea kadhaa waliokuwa wanakaribia kutaga.

Ndipo Mzee Isaac, baba yake Shiundu, akaja kutoka Butere kutibiwa macho. Hata mkoba haujawekwa chini, Shiundu akamshika mkono kwa furaha, akamwonyesha kibandani. "Baba, huyo ndiye wako. Kesho jioni."

Mzee akamtazama Bado na jicho lake zima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nabalayo alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Sijawahi kuona uso ukizimika hivyo.

Kwao, mke wa mtu na baba mkwe wake wanaheshimiana sana. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawasemezani ana kwa ana. Chakula hupelekwa na mtoto. Ndiyo maana mzee alilala kwangu, mke wangu akiwa nyumbani Ugenya. Na ndiyo maana Nabalayo hakuwa na njia ya kumwomba.

Nilimvuta Shiundu kando. "Nunua jogoo mwingine Toi, bwana. Wako wengi."

"Ouma, umesikia nikimtaja huyo. Baba amemwona. Nimwambie nini sasa, kwamba bibi yangu anapenda kuku kuliko yeye?"

Nabalayo hakubishana. Nilimwona amekunja mgongo juu ya beseni, akifua nguo iliyokwisha kuwa safi, na machozi yakidondokea humo. Iliniuma.

Kesho yake Shiundu alikwenda mjengoni. Mzee akaketi nje kwenye sofa langu lisilo na kitambaa, akiota jua. Mimi nilikuwa na misumari mdomoni. Nabalayo akaja upande wa pili wa kibanda, akampa mzee mgongo, akamwaga chenga za mahindi.

"Bado," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo mtu haongei nayo na kuku. "Leo jioni utachinjwa. Wewe ni wa mzee, na mzee anastahili, mimi sina neno. Lakini ujue nimekutafuta miaka. Mama yako nilimwokota kwa kifo. Baba yako nimemtoa Kibera kwa miguu. Kama ungekuwa na kijana wako mmoja mkubwa, mimi singesema kitu. Huna. Ukienda leo, mimi naanza upya, na sijui kama nina nguvu ya kuanza upya."

Mzee hakugeuka. Bado aliendelea kula. Mimi nilisahau misumari mdomoni, nikakaa hivyo hivyo.

Mzee akakohoa kidogo. "Wewe jogoo," akasema, akimtazama Bado. "Mama Shiundu, marehemu, alikuwa na kuku. Kila mgeni akija nilimwambia, leta yule mkubwa. Mwalimu akija, mkubwa. Mchungaji akija, mkubwa. Nikasifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Leo kwangu hakuna anayewika, asubuhi naamshwa na majogoo ya watu. Kumbe nilikuwa nakula nini?" Akajiegemeza kwenye sofa. "Mwambie mwenye wewe, mzee ana meno mabovu. Leo anataka maharagwe."

Shiundu aliporudi alikuwa amenoa kisu. Mzee akamwambia maharagwe. Shiundu akasihi, mzee akakaza: "Siku hizi unanichagulia chakula?" Tukala maharagwe. Yalikuwa na chumvi ya kuua. Mimi yalinishinda, Shiundu aliinamisha kichwa kwa aibu, lakini mzee alimaliza sahani yake na kuifuta kwa ugali.

Habari ilifika Butere kabla ya mzee. Mzee ametoka Nairobi kwa mtoto wake bila hata paja la kuku! Wake wa ndugu zake Shiundu wakasema Nabalayo ana roho ngumu, amemnyima mzee. Alipokwenda nyumbani Krismasi waliimba hilo jikoni mchana kutwa. Hakujitetea. Angesemaje, kwamba mzee alizungumza na jogoo? Mimi ningepigana.

Vijogoo vya Bado vilipokomaa, Nabalayo alitia kimoja na mitetea miwili katika katoni, akaituma Butere kwa basi. Siku chache baadaye Shiundu akaja kwangu amekunja uso. "Baba anazeeka vibaya. Ametuma salamu, na anasema zimfikie jogoo." Nabalayo alikuwa akipuliza jiko. Hakuinua kichwa, lakini nilimwona akitabasamu.

Mzee Isaac alifariki mwaka wa tisini na tisa. Nilisafiri nao kwenda kumzika. Kideri kilikuwa kimepita kijijini mwezi uliotangulia, na kwa majirani kulikuwa kimya, lakini bomani kwake kuku wekundu wenye miguu mirefu walikuwa wakipita katikati ya miguu yetu. Na sisi tulikuwa tukila maharagwe. Watu walinung'unika wazi. Ndipo dada yake mzee akasimama mlangoni mwa jikoni, mbele ya wale wake wote.

"Mtavumilia," akasema. "Kaka yangu aliacha neno. Kuku hawa wasiguswe, hata askofu akija, mpaka mke wa Shiundu afike aseme nani wa kubaki. Na mjue hakunyimwa jogoo Nairobi. Yeye ndiye aliyemkataa."

Wale wake wakaangalia chini. Nabalayo akasimama uani, akawatazama wale kuku muda mrefu, kama ilivyo tabia yake, na umati wenye njaa ukimngoja. Kisha akaanza kuonyesha kwa kidole wa kuchinjwa. Wengi wao walikuwa wanene. Jogoo mkubwa, yule aliyemtuma kwa katoni, hakumgusa.

Baadaye nilimkuta nyuma ya ghala, amechuchumaa, jogoo huyo mikononi, akizungumza naye taratibu kwa sauti ile ile ya siku ile.

"Mwambie niliweka chumvi mara mbili," alikuwa akisema. "Kwa furaha nilisahau kwamba nimeshaitia. Mwambie nilijua yameharibika, na nilimchungulia akimaliza sahani."