Jina Ndani ya Sebene

Siku hizi kila mtu Goma anasema alimjua yule mwimbaji kabla hajapata jina. Ukimsikiliza muuza maandazi, yeye ndiye aliyemlisha. Ukimsikiliza fundi viatu, yeye ndiye aliyemvalisha. Nawaacha waseme. Mimi namkumbuka kijana mwembamba aliyebisha kwetu amevaa kandambili za rangi mbili, moja ya bluu na moja nyekundu, akiuliza kama ni kweli hapa kuna mtu mwenye gita.

Mwenye gita alikuwa mdogo wangu. Alilichonga mwenyewe kwa mbao za kuokota, nyuzi akazitoa kwenye waya wa breki za baiskeli, na lilikuwa na sauti ya kukwaruza ambayo mpaka leo naipenda kuliko magita yote ya dukani. Walifanya mazoezi katika parseli yetu, pale uani, kando ya ukuta wa jikoni, na rafiki yao mmoja akipiga bidoni la maji kwa fimbo. Mimi nilikaa mlangoni nikichambua maharage. Shabiki wao wa kwanza nilikuwa mimi, na kwa muda mrefu nilikuwa peke yangu, maana jirani yetu alikuwa akigonga ukuta na kututukana kila walipoanza.

Kwetu, wimbo ukifika kwenye sebene, pale magita yanapochangamka na watu wanainuka kucheza, mwimbaji huita majina ya watu. Tunasema anatupa libanga. Wakubwa wanapenda sana kutajwa. Yeye wakati ule hakuwa na mkubwa yeyote wa kumtaja, basi alituita sisi: mimi, mama, hata yule jirani mwenye matusi. Jirani aliposikia jina lake limeimbwa, alikuja na kiti chake, akakaa, na tangu siku hiyo hatukusikia tena ukuta ukigongwa. Jina la mwisho lilikuwa la mdogo wangu kila mara. Mwimbaji aliliita kwa nguvu, akaongeza, "Ongea nao!" Ndipo gita likaingia. Mdogo wangu alipiga amefumba macho, midomo ameikaza kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano. Mama alijifanya hasikii, lakini mwiko wake ulisimama ndani ya sufuria.

Kisha mlima wa volkano ulio juu ya mji ukalipuka. Tulikimbia kwa miguu kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, mdogo wangu amebeba gita mgongoni, na mama anamgombeza njia nzima: "Iyo gita njo utakula?" Tuliporudi, nyumba haikuwepo. Palikuwa na jiwe jeusi tu, na hatukuweza hata kukubaliana jikoni palikuwa upande gani. Vijana wale walipiga muziki juu ya jiwe hilohilo, bado lina joto. Ukisimama mahali pamoja kwa muda, kandambili zilianza kunuka. Tulicheka sana siku ile, sijui tulipata wapi kicheko.

Mwimbaji alikuwa na mjomba Kinshasa. Tulimsindikiza ziwani, Kituku, kupanda mtumbwi wa Bukavu, ili aendelee na safari kutoka huko. Alitaka waondoke wote wawili. Mdogo wangu alikataa.

"Tangulia," alimwambia. "Minamujengea mama nyumba kwanza, kisha nitakufuata."

Mbao za nyumba alikuwa akizifuata Sake kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mti, isiyo na pedali, ya kubebea mizigo. Asubuhi moja alishika barabara ya Lac Vert kama kawaida, na kabla hajarudi waasi wakashuka kutoka milimani. Watu walikuja mbio na magodoro, na mbuzi, na wazee mgongoni. Nilisimama kando ya barabara nikitazama kila chukudu iliyopita. Baadaye tuliuliza hospitalini, tukauliza kambi ya jeshi ya Katindo, tukauliza kwa wakimbizi. Mmoja alisema amemwona akibebeshwa mizigo ya wapiganaji. Mwingine alisema hapana, hakuwa yeye. Mama alikataa kufanya kilio, akakataa kukaa mkekani kama mfiwa. Waliokuja kutupa pole aliwarudisha mlangoni, na nyumba ya mbao tukaimalizia sisi wenyewe juu ya jiwe lile, jirani akitusaidia kupiga misumari.

Miaka ikapita, mpaka siku redio ilipotoa sauti niliyoijua. Niliacha sabuni kwenye beseni. Sebene ilipofika, aliwaita matajiri wa Kinshasa, akawaita wengine wa Ulaya, kisha akaliita kwa nguvu jina la mdogo wangu. "Ongea nao!" Likaingia gita la mtu mwingine, safi, halikwaruzi. Mimi nililia. Mama alisimama akapiga makofi.

"Ni muzima!" alisema. "Mutu mwenye alikufa habamuitake vile."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Libanga hutupiwa aliye hai. Marehemu hutajwa kwa namna yake, sauti hushuka, anaombewa apumzike. Mama akaamini wale wawili wamekutana Kinshasa. Akatangaza sokoni, akafua mashuka ya kumpokea. Na mimi niliamini. Kila wimbo mpya ulitoka na jina lile, na kila mara nilisikia kama tumeletewa habari zake.

Ndipo mwimbaji akaja Goma, mtu mkubwa sasa. Mama alinituma hotelini nikaulize neno moja tu. Nilidhani walinzi watanifukuza, lakini aliniona kwa mbali, akaja mwenyewe, akanikumbatia mbele yao. Aliniwahi kabla sijauliza.

"Yaya, mwenyewe iko wapi?" aliniuliza, kama mtu anayemwita ndugu yake mkubwa. "Minamuita kila wimbo, hanijibu. Alinikasirikia?"

Nilikaa kwenye ngazi za hoteli nikamweleza habari ya Sake, na yule mtu mkubwa akalia kwa sauti mbele ya walinzi wake. Sikumchukia. Ningependa kumchukia, ingekuwa rahisi.

Nyumbani nilimwambia mama ukweli. Alisema, "Basi aendelee kumuita." Lakini mwimbaji alikuwa amekwisha kuondoka, na neno hilo halikumfikia.

Wimbo wake uliofuata tuliusikia asubuhi, mlango uko wazi, na redio za majirani zote ziko kwenye stesheni hiyohiyo. Kabla ya sebene, magita yalinyamaza. Jina la mdogo wangu lilitamkwa polepole, kwa sauti ya chini, na maneno ya kumwombea apumzike kwa amani. Alifanya hivyo kwa upendo, najua. Mama alizima redio.

Mchana majirani walianza kufika na viti vya plastiki kichwani, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, mmoja na mfuko wa makaa. Mama alisimama mlangoni.

"Ni nani alikufa hapa?"

Jirani yetu, yule wa matusi, mzee sasa, aliweka kiti chake chini na kuvua kofia. Mama alimtazama kwa muda, kisha akaingia ndani. Nilidhani anakwenda kufunga mlango. Alitoka na mkeka, akautandika kando ya ukuta, akavua viatu, akakaa chini.