Waya wa Kijani wa Trela

Mtaani walimwita Mama Koleo, kwa kuwa alikuwa fundi umeme tangu usichana wake. Yeye na mumewe walinunua trela bovu la kulala, wakakubaliana kwamba wakistaafu watatembea nalo kama kobe na nyumba yake. Sola aliifunga Mama Koleo mwenyewe: paneli juu, betri chini ya kitanda, inveta ya kugeuza umeme wa betri kabatini. Ulibaki waya wa ardhi tu, ule wa kijani, wa kuunganisha inveta na chesi, fremu ya chuma ya trela, ili umeme ukivuja usimpitie mtu.

Kabla hajaufunga, mumewe alilivuta trela akaondoka na mwanamke mwingine.

"Malipo ni hapahapa duniani," dada yake alimwambia. "Wewe nyamaza tu, umeme uwanyooshe."

Alijaribu kunyamaza, ikamshinda. Akapiga simu, ikapokewa na yule mwanamke.

"Msiwashe inveta," Mama Koleo alisema. "Kuna waya wa kijani unaning'inia kabatini. Kwangueni rangi ya chesi mpaka chuma king'ae, kisha mkaze waya hapo kwa bolti. La sivyo, mtakuja kushika mlango uwapige shoti."

Nyuma akamsikia mumewe: "Si nilikwambia ana wivu? Kata simu!"

Mwanamke akanong'ona, "Rudia polepole, dada. Nitaufunga mwenyewe."

Mama Koleo akarudia neno kwa neno, meno yamekazana. Simu ilipokatika, alikaa sakafuni akalia. Hakumlilia mume. Alilia kwa uchungu wa kuwahakikishia usingizi salama watu waliolala kwenye kitanda alichokipigilia misumari yeye.