Ujumbe wa Mama wa Maziwa

Mtaa wa Olasiti anakoishi binti yangu ni mtaa wa kuta. Nilipofikia kwake mwaka jana, wakati mdogo wangu amelazwa hospitali mjini, niliusifu kwa utulivu: hakuna redio ya jirani, hakuna anayepita bila sababu. Baada ya siku mbili nilitambua kwamba hakuna pia mtu wa kumuuliza lolote. Binti yangu na mumewe walikuwa wakiondoka alfajiri, geti likifungwa nyuma yao, nami nikibaki na ufunguo wa mlango mdogo, simu, na kilele cha Meru juu ya ukuta.

Mdogo wangu alikuwa akisubiri kupasuliwa tumbo. Kwetu, magharibi ya mlima, mtu haendi kwenye jambo kama hilo bila baraka ya mkubwa wake: mkubwa hutema mate kidogo kiganjani na kumpaka kwenye paji la uso. Mchungaji wetu analijua hilo na hajawahi kulikemea. Baba yetu hayupo; aliyebaki wa kulifanya ni mimi, na nilikuwa nimeahidi. Jumanne, mbele yangu, daktari alisema upasuaji ni Alhamisi. Niliandika kwenye kijitabu changu.

Jumatano saa tatu asubuhi, mama anayeleta maziwa kutoka Kisongo aligonga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mgonjwa wako amenituma. Anaingia kwenye kisu leo, saa tano. Anasema uje."

"Mgonjwa gani?"

"Mdogo wako. Mwanangu amejifungua pale, nimempelekea uji. Nikamkuta huyo mzee kwenye benchi anaota jua. Nikamwambia maziwa yangu yanafika Olasiti, akaniuliza nyumba hii."

"Jina lake nani?"

"Jamani, baba! Mimi nimuulize mtu mzima jina?"

"Daktari umemsikia mwenyewe?"

"Sijamsikia."

"Basi umesikia kwa mtu ambaye naye amesikia."

Alicheka huku akipima lita mbili. "Wewe baba, hata ng'ombe wangu akizaa utataka cheti. Haya, mimi nimefikisha."

Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi, na nimeona nyumba zikivunjika kwa sababu ya neno "nimesikia". Kwa hiyo sikuondoka. Nilimpigia mdogo wangu. Simu ilikuwa imezimwa. Nilimpigia binti yangu, ambaye ni mwalimu. Iliita hadi ikakata, mara nne. Nilibandika maziwa jikoni nikayasimamia yasifurike, kwa kuwa hilo ndilo jambo pekee lililokuwa chini ya mamlaka yangu asubuhi ile.

Kilichonitoa ndani, ilipokaribia saa nne na nusu, hakikuwa ushahidi. Nilikumbuka kwamba mdogo wangu hajaniita hata mara moja maishani mwake. Kwetu mdogo hamwiti mkubwa wake, humtuma mtu. Mama yetu alipozidiwa, mdogo wangu alimtuma jirani aje anieleze, ingawa nyumba zetu zilitenganishwa na mgomba mmoja. Ujumbe ule usingeweza kunifikia isipokuwa kwa kinywa cha mtu mwingine.

Nilitoka bila kofia. Kila kona ilikuwa na geti jeusi na mbwa anayebweka nyuma yake. Nilitembea kwa haraka iliyobaki miguuni mwangu, nikapinda kushoto, nikapinda tena, hata nikajikuta mbele ya geti nililotokea. Hatimaye mlinzi mmoja alichungulia kwenye tundu la geti lake.

"Shikamoo, mzee. Umepotea?"

"Natafuta usafiri wa hospitali."

"Huku pikipiki huwa zinaitwa kwa app ya simu."

Nikamwonyesha simu yangu ya vitufe.

"Aah, mzee, hiyo ni ya kupokelea salamu tu." Kisha akaacha utani. "Simama hapo, usisogee. Nitakuitia."

Nilisimama pale aliponielekeza, kama mtuhumiwa.

Nilifika saa tano na robo. Nilipouona mlango wa chumba cha upasuaji nilitema mate kiganjani kabla ya kumsalimu yeyote. Muuguzi alinizuia kwa upole.

"Ameshaingia, baba. Daktari aliuwahisha upasuaji jana jioni. Mgonjwa wako alikuwa anageuka kutazama mlango mpaka kitanda kinasukumwa."

"Nipe dakika moja tu."

"Haiwezekani, baba yangu. Pole."

Sikuwa na pa kukata rufaa. Nilisimama ukutani, kiganja kikiwa wazi, mpaka mate yakakauka.

Mdogo wangu alipona. Anatembea polepole, anachunga mbuzi wake wachache, na Jumapili hukaa kando yangu kanisani kama zamani. Hajaniuliza kwa nini sikuja mapema, na hataniuliza, kwa sababu mdogo hamhoji mkubwa wake. Kijitabu ninacho bado mfukoni mwa koti. Ile Alhamisi imo, kwa mwandiko safi, na hakuna anayetaka kuiona.