Refa wa Akiba

Sabaha ni mkulima wa ufuta huko Ruponda, wilayani Nachingwea, na ni refa wa mpira. Alianza na daraja la tatu kama kila anayemaliza kozi, akafanya mtihani wa sheria na wa mbio, akapanda la pili. Lililobaki ni la kwanza. Ila ili ulipate, sharti uwe umechezesha katikati mechi kubwa kadhaa, na mechi hupangwa na kamati ya marefa. Sabaha alipangiwa kibendera, au akawekwa refa wa akiba, anayekaa pembeni na ubao wa kubadilishia wachezaji. Kila alipouliza, aliambiwa avute subira.

Msimu huu mfanyabiashara mmoja wa Ruangwa alitoa ng'ombe wa kushindaniwa. Fainali ikawa kati ya Mbekenyera na Narung'ombe, zote za Ruangwa, na ili pasiwe na upendeleo, marefa wakatolewa Nachingwea. Geofrey alipewa katikati. Sabaha, akiba.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu Geofrey alipokaa chini akishika paja. Msuli ulikuwa umekaza, hakuweza hata kusimama. Kanuni za mashindano zilisema refa wa kati akishindwa, wa akiba anaingia. Sabaha akaweka ubao chini, akafunga vizuri kamba za viatu, akakaza hijabu yake, akasogea kwenye mstari.

Kamisaa wa mechi, mzee Jastin, alikuwa akizungumza na viongozi wa timu. Walikuwa wakitikisa vichwa. Mashabiki walishaona nani anataka kuingia, na kelele zikapanda. Jastin akamjia taratibu.

"Mwanangu, kanuni naijua," alisema. "Lakini hawa wamegoma wote wawili kuchezeshwa na mwanamke. Nikikuingiza, mpira utavunjika, na wewe utaumizwa."

"Sasa mzee, mimi hapa nimewekwa wa nini?"

Jastin alishageuka. Alikuwa anatazama upande wa mashabiki, ambako alisimama Titus, refa kijana wa daraja la tatu kutoka Nachingwea, aliyekuja kutazama tu. Titus alikuwa na kandambili. Wakamvua Geofrey viatu, wakampa Titus, pamoja na filimbi na kadi. Alipopita mbele ya Sabaha alisimama kidogo.

"Dada, mimi nimeitwa tu," alisema.

"Nenda," Sabaha akamwambia.

Titus alichezesha vizuri. Sabaha alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana Titus angevurunda, yeye angalau angekuwa na la kusema. Aliokota ubao wake, akainua namba za wachezaji waliotoka na walioingia, mpaka Narung'ombe wakachukua ng'ombe wao.

Mumewe, Hassani, alitaka aandike malalamiko. Sabaha kwanza akampigia simu mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alisikitika sana, akasema Jastin ni mtu mzima aliyeusaidia mpira kwa miaka mingi, na kwamba karatasi ya malalamiko huenda ikamharibia Sabaha mwenyewe njia ya daraja la kwanza. Njia ipi, Sabaha hakuuliza. Hakuandika.

Ufuta ulikuwa umekauka, wakaenda kukata. Hata hivyo, asubuhi kabla ya shamba Sabaha bado anakimbia barabara ya Nachingwea. Mtihani wa mbio unarudiwa kila mwaka, na asiyekimbia hushushwa daraja.